Stuli Mbili Ngazini

Kwa mara ya nne asubuhi ile, fundi wa lifti alisema amesahau.

"Nilisahau, afande. Nikuambie nini tena? Nilisahau."

Inspekta aliyeketi mbele yake alikuwa mwanamke wa makamo mwenye magoti mabovu na subira inayochosha watu. Kituoni walimwita Miwani, kwa sababu miwani yake ilikaa utosini na kila baada ya nusu saa aliisaka mezani, mfukoni na chini ya mafaili, na hakuna aliyethubutu kumwambia ilipo. Safari hii aliipata mwenyewe. Aliishusha machoni, akausogeza katikati ya meza mfuko mdogo wa nailoni wenye kipande cha waya wa kijivu, urefu wa kiganja kimoja.

"Huu ni wako?"

"Wangu."

"Uliuweka wewe?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita. Nimeshasema."

"Sema."

Fundi alikuwa mtu wa miaka thelathini na tano hivi, mwenye mikono mikubwa na kucha zilizojaa grisi isiyotoka kwa sabuni. Tangu alipotiwa mahabusu jana mchana hakuwa ametia kitu tumboni, na macho yalikuwa yamemwingia ndani.

"Lifti ilikuwa inagoma. Nikapanda juu ya paa, kwenye chumba cha mashine. Nikatia huo waya ili nipime. Simu ikalia, kuna watu wamenasa kwenye lifti ya jengo jingine. Nikafunga kabati la swichi, nikakimbia. Sikurudi tena. Nilisahau."

"Siku tisa?"

"Siku tisa."

Jinsi ajali ilivyotokea haikuwa na fumbo. Jengo lenyewe ni la zamani, na milango ya lifti yake ni ya kuvuta kwa mkono. Kila mlango una kitasa chenye swichi: kama kibanda cha lifti hakipo mbele yake, mlango haufunguki, na kama mlango haujafungwa sawasawa, lifti haiondoki. Kitasa cha ghorofa ya tatu kilikuwa kimeisha. Hakikushika tena mlango, wala swichi yake haikugusa, ndiyo maana lifti ilikuwa ikigoma. Ule waya wa kijivu uliiondolea lifti swali hilo. Ulipotiwa pale kwenye kabati la swichi, lifti iliamini kwamba milango yote imefungwa hata kama sivyo, ikaanza kutembea vizuri, na wapangaji wakashangilia.

Jana Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, msusi wa nywele anayekaa ghorofa ya tatu alitoka kwake kwenda saluni. Aliuvuta mlango, ukafunguka. Taa ya kibanda ilikuwa imeungua siku nyingi, kwa hiyo giza halikumshtua. Akaingia. Kibanda kilikuwa chini kabisa, na msusi alianguka ghorofa mbili nzima mpaka juu ya paa la kibanda hicho.

"Amezinduka?" fundi aliuliza, macho kwenye waya.

"Amezinduka."

"Anasemaje?"

"Anauliza miguu yake iko wapi. Ipo, ila haisikii. Daktari ameandika kwamba hatatembea tena."

Fundi alijifunika uso kwa viganja. Mabega yalianza kumtikisika, na kilio kilichotoka kilikuwa cha mtu mzima asiyezoea kulia mbele ya watu. Miwani alimwacha alie. Alikuwa ameona machozi ya uongo ya kutosha kujaza pipa, na haya hayakuwa ya uongo. Lakini machozi ya kweli hayamaanishi kwamba maneno nayo ni ya kweli.

"Nilisahau," fundi alisema tena kutoka ndani ya viganja.

Simu ya mezani ililia. Alikuwa mwendesha mashtaka, mtu wa sauti nyembamba asiye na salamu.

"Una nini?"

"Nina waya, nina mtu anayekiri waya ni wake, na nina ripoti ya daktari."

"Hayo ninayo hata mimi. Sikiliza, Inspekta. Saa nane kamili nasimama mbele ya hakimu. Ukinipa hayo tu, nasoma shtaka la kujeruhi kwa uzembe. Mzembe ni mtu ambaye hakuiona hatari, ingawa alipaswa kuiona. Hana rekodi, amekiri, anatozwa faini, jioni anakunywa chai kwake."

"Na kama aliiona?"

"Kama aliiona akaipuuza, hiyo ni kusababisha madhara makubwa mwilini kwa kupuuza hatari anayoijua. Ni miaka saba, na hakimu huyu hajawahi kushuka chini ya mitano. Lakini 'alijua' ni neno zito. Nitalithibitishaje? Siwezi kumpasua kichwa nichungulie."

"Nipe mpaka saa saba."

"Saa sita na nusu," alisema, akakata.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika ishirini.

Msaidizi wa Miwani, Sajini, alikuwa koridoni akiwa na kisanduku cha vifaa cha fundi miguuni. Alikuwa mtu mrefu aliyebakiza miezi minne astaafu, na kila kesi aliyopewa aliihesabu kuwa njama ya kumzuia asifike.

"Nimekifungua kama ulivyosema," alisema. "Hebu tazama. Mtu huyu ni msafi kuliko mke wangu, na usimwambie nimesema hivyo."

Kila kifaa kilikuwa na kitanzi chake. Kwenye kifuniko zilining'inia waya nne ndefu za manjano, kila moja ikiwa na utepe mpana wa kitambaa chekundu katikati.

"Hizi za nini?"

"Nimempigia msimamizi wa karakana yao. Hizo ndizo waya za kupimia. Ndefu makusudi, na utepe mwekundu makusudi. Ukizitia, huwezi kufunga kabati. Utepe unaning'inia nje mpaka uutoe. Kila fundi ana nne, na kabla hajaondoka kwenye jengo anazihesabu. Ni kama dini kwao."

Miwani alizihesabu. Zilikuwa nne. Akautoa mfuko wa nailoni, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Waya wa kijivu ulikuwa umekatwa kwa kipimo, kabati lifungike bila shida, na ncha zake mbili zilikuwa zimevishwa vichwa vya shaba vilivyobanwa vizuri kwa koleo. Kwa kazi ya dakika tano mtu hajisumbui hivyo.

"Huu haukuwekwa kupima," alisema. "Huu ulitengenezwa ukae."

"Basi tumempata!"

"Bado. Wakili wake atasema waya za manjano zilikuwa garini, akatumia alichokuwa nacho mfukoni. Fundi msafi, hata kipande cha mfukoni kina vichwa vya shaba. Tutafanana na watu waliokosa kazi." Aliisaka miwani iliyokuwa machoni pake, akaacha. "Na ufunguo wa chumba cha mashine unakaa wapi?"

"Kwa mlinzi wa jengo. Umening'inizwa msumarini nyuma ya kiti chake."

"Kwa hiyo yeyote angeweza kupanda. Fundi anaweza kuwa anambebea mtu mzigo. Twende."

Mlinzi wa jengo alikuwa baba wa miaka hamsini hivi, kofia imemwelemea masikioni. Alipoona sare aliinuka haraka mno, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mimi sikupanda!" alisema kabla hajaulizwa.

"Kupanda wapi?" Miwani aliuliza.

"Huko juu. Watu wameanza kusema. Eti mlinzi ana ufunguo, mlinzi ndiye alichezea. Mimi nina watoto watano, mama. Mimi hata balbu ya kwangu anabadilisha mke wangu."

"Nani aliutumia ufunguo tangu Jumatatu ile?"

Alitoa daftari. Aliyeutumia alikuwa fundi peke yake, Jumatatu, kuanzia saa tano mpaka saa saba. Sajini alihesabu saa hizo kwa vidole, akamwangalia bosi wake. Mtu aliyeitwa haraka kwenye watu walionasa asingekaa paani saa mbili.

"Meneja wa jengo alikuwepo?"

"Alikuja saa nne. Aligomba hapa chini mpaka mate yakamrukia fundi. Akamwambia lifti isipotembea leo, kesho analeta kampuni nyingine. Kisha akaondoka. Paani hakufika, ana suti."

Miwani alimtazama mlinzi mikono. Vidole vilikuwa vimevimba kwa ugonjwa wa viungo. Mikono ile isingeweza kubana kichwa cha shaba kwenye waya. Njia hiyo ikafia hapo hapo, na saa ilikuwa imefika nne na nusu.

Lifti ilikuwa imefungwa kwa utepe wa polisi, kwa hiyo walipanda ngazi mpaka paani, Miwani akiyalaani magoti yake kila ghorofa na Sajini akimhimiza kwa maneno ya kumtia moyo ambayo hakuyaomba. Ndani ya kabati la swichi palikuwa kama picha zilivyoonyesha. Hakukuwa na karatasi ya onyo wala kumbukumbu yoyote, hata alama ya kidole isiyo ya fundi. Miwani alitumia karibu saa nzima akikagua skrubu kwa tochi, akaambulia patupu. Kwa mara ya kwanza tangu jana alihisi kesi inamponyoka, akamfikiria yule msusi kitandani, anayeuliza miguu yake.

Wakaanza kushuka. Kwenye kona ya ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza, magoti yalikataa. Palikuwa na stuli ya plastiki ya buluu imeegeshwa ukutani. Alikaa bila kufikiri, akapumua, akajipangusa jasho.

Ndipo akainuka tena, akaitazama.

Ngazi zilikuwa na vumbi. Mpaka jana wapangaji walikuwa hawazitumii, kwa nini wazitumie na lifti inatembea? Vumbi lilikuwa limekaa juu ya mikono ya ngazi na kwenye vidato upande huo. Lakini stuli ilikuwa inang'aa, na karibu na ukuta, upande wa kujishikiza, palikuwa na njia nyembamba iliyokanyagwa kila siku.

"Sajini, huko juu hatukupita stuli nyingine?"

"Tumepita. Kati ya ya tatu na ya pili. Kama hii hii."

"Mtu gani anaweka stuli ngazini kwenye jengo lenye lifti?"

Walishuka kumwuliza mlinzi.

"Ah, hizo? Za Shangazi," mlinzi alisema, akafurahi kuulizwa kitu asichoshukiwa. "Sote tunamwita hivyo, yule mama mzee wa ghorofa ya tatu. Magoti yanamsumbua. Anapumzika hapo akipanda na akishuka. Mimi nilishangaa, maana lifti ilipokuwa mbovu alikuwa analalamika kila siku, ilipopona akaanza ngazi. Anasema mazoezi."

"Nani alizileta?"

"Mwanawe. Si ndiye huyo mliyemshika? Fundi ni mtoto wake wa pekee."

Miwani alivua miwani, akaivaa tena.

"Alizileta lini?"

"Jumatatu ile ile. Jioni. Stuli mbili kichwani, anapanda nazo."

Mama yake fundi alifungua mlango akiwa na pasi mkononi. Alikuwa na miaka sitini na nane, mwembamba, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Juu ya meza palitandazwa shati jeupe.

"Karibuni, wanangu. Mmemwachia?"

"Bado, mama."

"Nampigia pasi. Asisimame mbele ya hakimu kama mhuni." Alizima pasi, akaiegesha, akawavutia viti. Mikono yake haikutulia. Iliikunja kola, ikaikunjua, ikaikunja tena. "Nimeambiwa ni faini. Nimeambiwa leo leo atatoka. Ni kweli?"

"Hakimu ndiye anayejua, mama. Nina maswali machache. Stuli zilizoko ngazini ni zako?"

Uso wa mama ulichangamka. Tangu jana watu walikuwa wamemwuliza habari za waya na swichi, mambo asiyoyajua. Hatimaye aliulizwa jambo analolijua.

"Zangu. Kaniletea yeye."

"Ngoja kwanza. Utakayosema Sajini atayaandika, na yanaweza kusomwa mahakamani. Ukitaka kunyamaza, unaweza."

"Ninyamaze kwa nini? Andika. Nataka yasomwe. Watu wanamsema kama mnyama huko chini. Nataka hakimu ajue nimezaa mtoto wa namna gani."

Miwani aliitazama meza. Alikuwa amekwisha mwonya, na sheria ilikuwa imetimia. Hata hivyo alivua miwani akaipangusa kabla ya kuuliza, kwa kuwa alijua mama huyu anakwenda wapi na mama mwenyewe hajui.

"Alizileta lini?"

"Jumatatu, siku aliyoitengeneza lifti. Mchana alishuka kutoka paani akaja hapa, mikono imejaa grisi, hata kukaa hakukaa. Nikamwambia hongera, sasa magoti yangu yatapumzika. Akasema, mama, nakuomba, lifti usipande. Nikamwuliza, si umeitengeneza? Akasema, nimeifanya itembee tu. Kitasa cha mlango wa hapo nje kimekufa, kipya kimeagizwa. Mlango huo sasa unafunguka hata lifti ikiwa haipo. Akaniapisha kwa jina la marehemu baba yake. Jioni akarudi na stuli mbili. Akanipandisha na kunishusha mara mbili ili nijue pa kupumzikia." Macho yalikuwa yamemlowa. "Niambie, kuna watoto wangapi wanaofanya hivyo siku hizi?"

Kalamu ya Sajini ilikuwa imesimama.

"Alisema hivyo?" Miwani aliuliza. "Kwamba unafunguka hata lifti ikiwa haipo?"

"Kwa maneno hayo hayo."

"Andika, Sajini."

Sajini aliandika. Kesi iliyokuwa imewaponyoka tangu asubuhi sasa ilikuwa karatasini, nzima, na Miwani hakufurahi hata kidogo. Saa ilikuwa sita kasoro dakika kumi.

"Sasa tutakusomea, mama, kisha utie sahihi kama ni sawa."

Sajini alisoma kwa sauti yake nzito ya mahakamani. *Mwanangu aliniambia nisipande lifti. Aliniambia kitasa cha mlango wa ghorofa yetu kimekufa. Aliniambia mlango huo unafunguka hata lifti ikiwa haipo.* Maneno yale yale yaliyotoka kinywani mwa mama yakiwa sifa sasa yalisimama peke yake, bila machozi na bila stuli.

"Rudia hapo," mama alisema.

Sajini alirudia.

"Hayo..." Alimgeukia Miwani. "Hayo mmeandika kumsaidia?"

Miwani alikuwa na jibu la kazini, kwamba hakimu ndiye apimaye. Alilitumia miaka ishirini. Safari hii lilimkwama.

"Hapana, mama. Yeye ametuambia alisahau waya. Mtu aliyesahau hamwapishi mama yake."

"Ni faini, sivyo?"

"Ingekuwa faini. Sasa ni miaka mitano. Pengine saba."

Mama aliinuka, akashika ukingo wa meza, akajishusha sakafuni goti moja baada ya jingine. Ilimchukua muda mrefu na ilimwuma, ikaonekana ilivyomwuma. Miwani alimwahi mabega.

"Mama, usifanye hivyo. Inuka."

"Ichane hiyo karatasi."

"Siwezi."

"Nakuomba. Nimesema uongo. Mimi mzee, nachanganyikiwa. Andika Shangazi anachanganyikiwa, muulize yeyote hapa, nasahau hata kuzima jiko. Ichane, mwanangu, nitakubusu miguu."

"Siwezi, mama."

"Una mtoto?"

"Ninao wawili."

"Basi unaweza!"

Sajini aligeukia dirisha. Miwani alimwinua mama kwa nguvu kidogo, akamkalisha kitini, akapiga magoti yeye mbele yake ili macho yao yawe sawa. Magoti yake nayo yalilia.

"Nisikilize. Kuna binti wa miaka ishirini na sita hospitali. Naye ana mama, na mama huyo jana alinishika hivi hivi."

"Namjua," mama alisema kwa sauti ndogo. "Mlango wake na wangu inatazamana."

"Basi unielewe. Limebaki swali moja la fomu, kisha nitakuacha. Mwanao alimwambia nani mwingine habari ya mlango?"

"Hakuna. Angemwambia nani? Meneja angemfukuza. Alisema ni wiki mbili tu, kitasa kije, atoe waya, mambo yaishe, asijue mtu. Kuna familia kumi na mbili humu ndani, hakumwambia hata mmoja."

"Kwa hiyo jengo zima, aliyejua ni wewe peke yako."

"Mimi peke yangu."

"Na wewe, mama, ulimwambia nani?"

Swali lilikuwa la kawaida. Miwani aliliuliza kwa sababu linafuata, kama yanavyofuata mengine, na alitegemea jibu la neno moja. Mikono ya mama iliyokuwa haitulii tangu walipoingia ilitulia mapajani. Sajini aligeuka kutoka dirishani.

"Mama?"

"Jana tulitoka pamoja," alisema. "Yeye na mimi, saa ile ile. Alikuwa na mkoba wake wa nywele. Akaniona naelekea ngazini akacheka, akasema, Shangazi, mazoezi hayo mpaka lini? Njoo tushuke wote, nikushike mkono. Ni kawaida yake kunishika mkono. Nami nikasimama pale. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye mlango."

Aliutazama mlango wake, akaendelea.

"Nikawaza, nikimwambia atauliza nimejuaje. Atamwambia meneja, na mwanangu hana kazi tena. Nikawaza, mbona jana alipanda, juzi alipanda, na hakuna kilichompata? Kwa nini kimpate leo?"

"Ukamwambia nini?"

Mama aliitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwa Sajini.

"Liandike na hili," alisema. "Nilimwambia, tangulia, mwanangu. Mimi nitashuka polepole."